Steringi Hafi, Wewe Je? Polisi wa Autobahn Kwenye Runinga na Barabarani

Natumaini mitihani haijawamaliza na bado mna nguvu ya kusoma kitu kisichokuwa na maswali mwishoni. Wahariri waliniomba niandike jambo linalohusu fani yangu ya uhandisi wa mitambo, ila wakanionya nisijaze hesabu za kuwafukuza watu wa sheria na wa uchumi. Nikafikiri, nikaona bora nizungumzie kitu ambacho karibu wote tuliokaa Ujerumani tumekiona: ile tamthilia ya polisi wa barabara kuu, Alarm für Cobra 11. Wengi wetu tulijifunzia Kijerumani humo, maana hata usipoelewa neno moja, unaelewa kinachoendelea. Gari linakimbia, gari linafukuzwa, gari linaruka, gari linalipuka. Halafu matangazo ya biashara.

Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza, kila tukikaa kutazama kuna mtu huniuliza, "Injinia, hivi inawezekana kweli?" Leo nijibu mara moja, tusirudiane. Ya pili ni nzito zaidi. Siku hizi wenzetu wengi wananunua magari ya mitumba, na karibu kila mwisho wa wiki kuna safari: harusi München, mpira Hamburg, kumpokea mgeni Frankfurt. Na nikisikiliza mazungumzo ya mle garini, naona kuna watu udereva wa Autobahn wamefundishwa na runinga. Hapo ndipo moyo wangu unapokosa raha.

TAMTHILIA YENYEWE

Kwa wale wapya: tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na kituo cha RTL tarehe 12 Machi 1996, na ilidumu zaidi ya miaka 25. Mwanzoni ilipigwa maeneo ya Berlin, baadaye ikahamia upande wa Köln na Düsseldorf, jimbo la Nordrhein-Westfalen, ambako kuna barabara kuu nyingi na viwanda vingi. "Cobra 11" ni jina la gari la steringi wetu kwenye redio ya polisi. Likiitwa, ujue kuna bati litaharibika.

Steringi mwenyewe ni Semir Gerkhan, anayechezwa na Erdoğan Atalay, mzaliwa wa Hannover ambaye baba yake ni Mturuki na mama yake ni Mjerumani. Aliingia katika sehemu za mwanzo kabisa mwaka 1996 na hakutoka. Wenzake ndio waliokuja na kuondoka: Tom Kranich, Jan Richter, Chris Ritter, Ben Jäger, Alex Brandt, Paul Renner. Wengine waliuawa kwenye hadithi, wengine waliaga tu. Mwaka 2020 akaja Vicky Reisinger, anayechezwa na Pia Stutzenstein, mwanamke wa kwanza kuwa mshirika wake mkuu.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana jambo hili tunalipita haraka. Waturuki walianza kuja Ujerumani kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1961. Walikuja kufanya kazi migodini na viwandani, na wenyeji waliwaita wageni, yaani watu watakaorudi kwao. Miaka 35 baadaye, saa ya watu wote kutazama runinga, polisi anayeokoa watoto wa Wajerumani anaitwa Semir. Na hadithi haikuwa inahusu Uturuki wake kila wiki. Alikuwa polisi, baba wa watoto, mtu mwenye hasira na utani. Sisi tunaokaa hapa tukiulizwa kila siku "unarudi lini kwenu?" tunajua thamani ya mtu kuachwa awe mtu tu. Kwa hili nawapigia makofi.

Sasa tuje kwenye magari.

GARI HALIRUKI LENYEWE

Tamthilia hii ilitengenezwa na kampuni ya action concept ya Hürth, karibu na Köln. Hao jamaa kazi yao ni hatari, na wamepewa zaidi ya mara moja tuzo ya Taurus, ambayo hutolewa kwa watu wa michezo ya hatari duniani. Kwa kuwa huwezi kuifunga Autobahn kila Jumanne, walijijengea kipande chao cha barabara kuu ya kuigiza huko Aldenhoven, magharibi ya Köln. Kina njia, kina mistari, kina kingo za chuma, lakini hakiendi popote. Zile ajali kubwa kubwa, nyingi zimefanyika kwenye barabara ya kuigiza.

Gari likigonga gari lingine kwa nyuma, haliruki juu. Linajikunja. Ndiyo maana mbele ya gari la kisasa kumetengenezwa kuwe laini: bati linapojikunja linakula nguvu ya mgongano kabla haijakufikia wewe. Basi ili gari liruke mita tano juu, lazima lipandishwe. Hapo mafundi huweka mteremko wa chuma barabarani, wakaufichia nyuma ya gari lililosimama au wakaupaka rangi ya lami. Ukitazama vizuri utagundua kamera daima imewekwa mahali ambapo huuoni. Mteremko ukiwa mpana, gari hupanda na magurudumu yote na kuruka moja kwa moja. Ukiwa bomba jembamba la upande mmoja, magurudumu ya kushoto hupanda na ya kulia hubaki chini. Gari linaanza kujisokota na kutua kwa paa.

Njia nyingine ni mzinga. Ndani ya gari hufungwa silinda nene ya chuma inayotazama chini. Dereva akifika mahali pake anageuza usukani, anabonyeza kitufe, na baruti au gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa inasukuma kipande cha nguzo kigonge lami. Ardhi haisogei, kwa hiyo gari ndilo linalorushwa na kubiringika. Ufundi huu alianza nao Hal Needham wa Marekani katika sinema ya McQ ya mwaka 1974, na ndio uliotumika mwaka 2006 katika Casino Royale, pale gari la James Bond lilipobiringika mara saba.

Umewahi kujiuliza kwa nini gari likiruka pua huelekea chini? Watu husema ni uzito wa injini. Ni kweli lakini siyo yote. Magurudumu ya mbele yanapoacha mteremko, ya nyuma bado yameshikiliwa. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mbele inaanguka huku nyuma inabebwa, na gari linapata mzunguko ambao hakuna wa kuusimamisha hewani. Mafundi wanalijua hilo, kwa hiyo hujaza uzito kwenye buti ili gari litue sawa.

Na kutua ndiko kwenye kasheshe. Chukua gari limeanguka kutoka mita 2 tu. Shokapu na tairi zinajikunja labda sentimita 20, basi. Kila kitu kilichopatikana ndani ya mita 2 lazima kimalizwe ndani ya sentimita 20, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa wastani mwili wako unabeba zaidi ya mara 10 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anakuwa na uzito wa kilo 700 kwa sekunde hiyo, na anayeubeba ni uti wa mgongo. Madereva wa kuigiza hufungwa mikanda ya pointi nyingi, hukalia viti maalumu, na gari zima huwekewa fremu ya mabomba ya chuma ndani. Bado wengine huumia. Kwenye runinga Semir anatua, anakunja uso, anabadili gia na kuendelea kufukuza. Ukweli ni kwamba lile gari lililotua limekufa pale pale. Linaloendelea ni gari jingine lenye rangi na namba zile zile.

MLIPUKO WA JIONI

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: je, gari likigonga linalipuka? Jibu fupi, hapana. Petroli ya maji haiwaki kama tunavyodhani. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kiasi maalumu: mvuke uwe kati ya asilimia moja na nusu hivi na asilimia 7 na ushei. Ukipungua hauwaki, ukizidi hauwaki. Ndani ya tenki la gari kwa kawaida mvuke umezidi sana, kwa hiyo cheche haifanyi kitu. Tenki likipasuka na mafuta yakamwagika kwenye chuma cha moto, moto unaweza kutokea, ndiyo, lakini unaanza mdogo na kukua.

Lile dudu la moto la rangi ya chungwa unaloliona ni kazi ya wataalamu wa baruti. Petroli huwekwa kwenye mifuko, chini yake huwekwa kiasi kidogo cha baruti, na mtu aliye mbali anabonyeza. Tenki lenyewe la gari huwa limeshatolewa siku nyingi.

Mnaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kwa sababu ya sinema, watu wakiona ajali hukimbilia kumvuta majeruhi nje kwa nguvu "kabla gari halijalipuka". Mtu mwenye shingo iliyovunjika akivutwa vibaya anaweza kupooza maisha yake yote. Kama hakuna moto, hakuna moshi mzito, na gari haliko mahali pa kugongwa tena, zima injini, piga 112, zungumza naye, zuia damu, subiri wenye kazi yao. Kama moto upo, hapo mtoe haraka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo maisha ya mtu.

HESABU YA KANISA KUU LA KÖLN

Niliahidi hesabu chache. Hii moja naomba mnivumilie, maana nikiisahau nyingine zote hii siisahau.

Nguvu ya gari linalokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo. Inaongezeka kwa mraba. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Mwendo ukiwa mara nne, nguvu ni mara kumi na sita. Njia rahisi ya kuiona ni kujiuliza: ningeanguka kutoka urefu gani ili nifike chini na mwendo huu?

Kwa kilometa 50 kwa saa, ni mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Kwa kilometa 100 kwa saa, ni mita 39, ghorofa ya kumi na tatu. Kwa kilometa 200 kwa saa, ni mita 157.

Sasa waliowahi kwenda Köln wanalijua lile kanisa kuu karibu na stesheni ya treni, lenye minara miwili inayokuvunja shingo ukiitazama. Urefu wake ni mita 157. Yaani kugonga nguzo ya daraja kwa kilometa 200 kwa saa ni sawa na kusukumwa kutoka kwenye ncha ya mnara wa Köln. Tukiacha upinzani wa hewa, namba zinalingana kabisa. Mimi sikuzipanga.

Hii ndiyo sababu nyumbani Kenya, mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zililazimisha matatu na mabasi yawe na vidhibiti mwendo visivyozidi kilometa 80 kwa saa pamoja na mikanda ya viti. Watu walinung'unika sana. Lakini kati ya 80 na 120 nguvu ya mgongano inazidi maradufu. Mzee alikuwa na fizikia upande wake.

Tuje kwenye breki. Shule za udereva hapa zinafundisha kanuni nyepesi. Chukua mwendo, gawa kwa kumi, zidisha kwa tatu: hizo ndizo mita unazokwenda kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha chukua mwendo ugawe kwa kumi na uzidishe kwa wenyewe: hizo ndizo mita za breki. Kwa kilometa 100 ni 30 na 100, jumla mita 130. Kwa 130 ni 39 na 169, jumla mita 208. Kwa 200 ni 60 na 400, jumla mita 460. Viwanja vinne vya mpira na zaidi, na hiyo ni lami kavu. Ukibana breki kwa nguvu zako zote zile mita za breki zinapungua kama nusu, lakini zile za mwanzo za kushtuka hazipungui hata moja.

Fikiria sasa. Wewe uko njia ya kushoto na 200. Mbele yako lori, ambalo kisheria linatakiwa lisizidi 80, linaamua kulipita lori mwenzake. Unalikaribia kwa tofauti ya kilometa 120 kwa saa, yaani mita 33 kila sekunde. Kiwanja cha mpira kinaisha ndani ya sekunde tatu. Semir anapita katikati ya malori mawili kwa sababu madereva wote wawili wamelipwa na wamefanya mazoezi asubuhi nzima. Wewe hujaonana nao.

POLISI WA KWELI

Je, polisi wa Autobahn wapo kweli? Wapo. Hapa polisi ni wa majimbo, na Nordrhein-Westfalen wana vituo vikuu vitano vya polisi wa Autobahn: Bielefeld, Dortmund, Düsseldorf, Köln na Münster. Lakini hawachunguzi mauaji, hawafukuzi majasusi, wala hawaruki juu ya paa za treni. Mauaji ni kazi ya polisi wa upelelezi.

Kazi yao nyingi ni ajali, foleni na malori. Wanakagua kama mzigo umefungwa vizuri. Wanasoma kile kifaa kinachorekodi saa za dereva wa lori, maana sheria ya Ulaya inasema baada ya kuendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Wanasimama darajani na kamera kupima umbali kati ya magari. Hilo la mwisho wengi hatulijui. Nyumbani tunaogopa tochi ya trafiki; hapa kuna kamera inayopima umemfuata mwenzako kwa karibu kiasi gani. Kanuni ni nusu ya spidi yako kwa mita: ukiwa na 100 acha mita 50, ukiwa na 130 acha mita 65. Ukisogea sana unalipa faini, unapata pointi, na ukizidisha wanachukua leseni kwa muda. Pointi zinaandikwa Flensburg, na tangu mwaka 2014 zikifika 8 leseni imekwenda.

Na wakikutaka usimame hawakurukii kwa bastola. Gari lao linapita mbele yako, na ubao wa taa unaandika "Bitte folgen", yaani tafadhali fuata. Unafuata mpaka mahali pa kuegesha. Zima injini, teremsha kioo, mikono ionekane kwenye usukani, subiri akwambie. Atataka leseni, karatasi ya gari na kitambulisho. Muulize kwa adabu amekusimamishia nini; una haki ya kujua. Na jamani, yale mazoea ya kukunja noti ndani ya leseni yaacheni uwanja wa ndege wa nyumbani. Hapa kujaribu tu kumpa polisi kitu kidogo ni kosa la jinai, na kwa mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa hilo si jambo la kuchekea.

UKIWA WEWE NDIYE DEREVA

Mambo mafupi mafupi, mkate mkabandike kwenye friji.

Leseni. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inatumika miezi sita tangu uanze kuishi hapa. Baada ya hapo ni lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa vitendo upate ya Kijerumani. Ukiendesha bila hivyo si faini tu, ni kosa la jinai, na ukisababisha ajali bima inaweza kukugeukia wewe ikudai. Ni gharama, najua. Lakini linganisha na kufukuzwa masomo yakiwa nusu.

Upande. Sisi tuliotoka nchi za kuendesha kushoto, hatari yetu ni alfajiri, barabara ikiwa tupu na akili imelala. Wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Goma hapa wanatucheka, na wana haki.

Kushoto ni kwa kupita tu. Ukishapita, rudi kulia. Kupita gari kwa upande wa kulia hairuhusiwi. Kabla ya kuhamia kushoto tazama kioo mara mbili: kama wewe una 110 na anayekuja ana 200, anakukaribia mita 25 kila sekunde. Kile kidoa kidogo ulichokiona kwenye kioo baada ya sekunde kumi kiko kwenye bampa lako.

Bila kikomo siyo bila akili. Ni kweli kwamba takriban asilimia 70 ya Autobahn haina kikomo cha kudumu. Lakini tangu mwaka 1978 mwendo unaoshauriwa ni 130. Ukizidisha ukapata ajali, hata isiyokuwa ya kwako, mahakama inaweza kukubebesha sehemu ya lawama.

Njia ya uokoaji. Foleni ikianza tu, aliye njia ya kushoto kabisa anabana kushoto, wengine wote wanabana kulia, katikati panabaki wazi kwa gari la wagonjwa. Wenyewe wanaiita Rettungsgasse. Usingoje kusikia king'ora. Asiyefanya analipa euro 200 na kuendelea.

Mafuta na vifaa. Kuishiwa mafuta Autobahn ni kosa, kwa kuwa ungeweza kuzuia. Beba pembe tatu, fulana ya kung'aa na sanduku la huduma ya kwanza. Gari likikufia, toka upande wa kulia, ruka ukingo wa chuma, simama nje ya barabara. Usikae ndani unapiga simu.

Tairi. Hapa naongea kama fundi. Magari yetu ni ya mtumba, na muuzaji akikupa tairi za bure tazama kwanza. Pembeni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kisha kuna herufi ya mwendo: Q ni mwisho 160, T ni 190, H ni 210. Mtu anakimbiza 200 juu ya tairi za baridi zenye herufi Q halafu anajiita dereva! Kashata za tairi kisheria zisipungue milimita 1.6, lakini kwenye mvua hizo ni chache mno. Tairi lenye kipara haliwezi kuyatoa maji, gari linaelea juu yake, na usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea watoto. Hapo breki ni pambo.

ABIRIA ASIYESEMA

Nimeacha hili mwisho kwa kuwa halina hesabu.

Katika magari yetu dereva mara nyingi ni kaka mkubwa. Ana gari, amekaa hapa miaka mingi, ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege ukiwa huna hata koti. Akikanyaga mafuta, nani atamwambia? Tumelelewa kumheshimu. Basi watu wanne wanakaa kimya, kila mmoja anashika mpini wa mlango na kusali kwa dini yake.

Nilisimuliwa safari moja ya harusini München, na waliokuwemo wako hai kuthibitisha. Mvua inanyesha, mshale uko 180, garini kimya. Nyuma alikaa dada mmoja anayesomea uuguzi, mgeni, mdogo kuliko wote. Akasema taratibu, "Kaka, samahani, naomba tusimame kidogo kituo kinachofuata nimpigie mama."

Kaka akauliza, "Kuna tatizo nyumbani?"

"Hapana kaka. Nataka kumuaga tu."

Gari zima likacheka, na kaka naye akacheka. Lakini mshale ukashuka mpaka 110, na haukupanda tena mpaka München. Hakumvunjia heshima, hakugombana, na watu watano walikula pilau usiku ule.

Jamani, hilo ndilo ninaloliomba. Nimekaa kwenye mikutano ya jumuiya hii tukichangishana kupeleka mwili wa mwenzetu nyumbani. Wapo wanaokumbuka tulihangaika wiki ngapi, na sauti ya baba yake kwenye simu akiuliza mara ya tatu ilikuwaje. Ajali ile ilikuwa na mambo yake na simhukumu marehemu. Ninasema tu kwamba mchango huo ni mzito kuliko aibu ya kumwambia kaka "punguza mwendo".

Kwa hiyo endeleeni kutazama Semir, mimi mwenyewe sitaacha. Chekeni magari yakiruka, sasa mnajua mteremko umefichwa wapi. Ila anayetaka kukodi gari likizo hii aje kwangu kwanza na tarakimu za tairi, nitamwangalizia bure. Chai ni juu yake.

Safari njema, na tuonane toleo lijalo.